Busia, Mji wa Baiskeli za Mizigo

Barabara itokayo Kisumu kwenda Busia ni ndefu zaidi ya kilomita 100. Hupanda kutoka kando ya Ziwa Victoria mpaka Maseno, mahali upitapo mstari wa Ikweta, kisha hushuka na kupanda tena kwa upole katika nchi ya Luanda, Yala, Ugunja, Sega na Bumala, ikivuka mito ya Yala na Nzoia, na mwisho hufika mpakani mwa Uganda. Msafiri akaaye dirishani katika basi huona mashamba ya mahindi na mihogo, makanisa, shule na masoko. Lakini akiisha kupita Bumala, jambo moja huanza kumvuta macho kuliko mengine yote, nalo ni baiskeli. Si baiskeli za watoto waendao shule, wala za vijana wa mashindano, bali ni baiskeli nyeusi, ndefu, nzito, na kila moja imechukua mzigo ambao mgeni angedhani ni kazi ya punda wawili.

Moja ina magunia ya mkaa yaliyosimamishwa wima kama askari wa zamu. Nyingine ina mitungi sita ya maji. Nyingine imepakiwa kitanda cha mbao, miguu juu, au mananasi, au trei za mayai zilizopangwa kwenda juu hata mwendeshaji haonekani kabisa akitazamwa kwa nyuma. Pengine huonekana hata baiskeli nzima iliyovunjika, imelazwa juu ya keria ya mwenzake na kupelekwa kwa fundi kama mgonjwa juu ya machela.

Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya na mmoja Uganda. Mpaka uliopo kati yake ni tunda la mwaka 1902, Serikali ya Kiingereza ilipoliondoa Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wasamia na Wateso walijikuta pande zote mbili, mjomba huku na mpwa kule, na wala hawakuacha kutembeleana wala kuuziana vitu kwa sababu ya mstari ulioandikwa katika karatasi. Kutoka Uganda huja mahindi, maharagwe, ndizi, mananasi na mayai. Kutoka Kenya huenda sabuni, chumvi, mafuta ya kupikia na vitu vingine vya viwandani. Mizigo mikubwa huenda kwa malori. Lakini mama mwenye gunia moja la maharagwe hana haja ya lori, wala hana fedha za kulikodi, na gunia hilo ni zito mno kwa kichwa chake. Kati ya lori na kichwa cha mwanamke pana nafasi kubwa, na nafasi hiyo ndiyo iliyoshikwa na baiskeli.

Kazi hii si ya juzi. Neno boda boda, ambalo sasa hujulikana toka Mombasa hata Kampala na mbali zaidi, lilizaliwa hapa mpakani katika miaka ya 1960. Kati ya kituo cha forodha cha upande mmoja na kile cha upande wa pili palikuwa na mwendo wa kuchosha, hasa kwa mtu mwenye mizigo, na vijana wenye baiskeli wakatia mto wa kukalia juu ya keria, wakasimama wakiita, "Boda! Boda!", yaani toka mpaka mmoja hata mpaka wa pili. Watu wengi wapandao pikipiki mijini leo hawajui ya kuwa jina lile lilikuwa la baiskeli kabla halijawa la kitu kingine.

Fundi wa baiskeli katika Busia hana duka la vioo. Ana kivuli cha mti, sanduku la spana, pampu, karai la maji la kutafutia tundu la tyubu, na vyuma vya kale vilivyotundikwa. Mtu akimwuliza baiskeli ipi ifaayo kwa mizigo, fundi mwenye akili haanzi kwa kutaja jina la kiwanda. Huuliza kwanza ni mzigo gani, na utapita njia gani. Mwuza maji aendaye mwendo mfupi mara ishirini kwa siku hana haja na baiskeli ile ile imfaayo mchukuzi wa mkaa atokaye mbali alfajiri, akafika mjini mara moja tu, tena kwa njia ya mchanga na mawe.

Hata hivyo, umbo la baiskeli ya mizigo katika nchi hizi ni moja, nalo lina historia yake. Kampuni ya Raleigh, iliyoanza katika mji wa Nottingham, Uingereza, iliuza baiskeli zake katika nchi nyingi, na umbo lile la Kiingereza liliigwa na wengine: Phoenix ya Shanghai nchini China, na Hero ya Ludhiana nchini India, iliyoanza mwaka 1956. Katika Kenya watu huziita Black Mamba, kwa weusi wake na urefu wake. Magurudumu yake ni ya inchi 28. Nafasi kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ni kubwa, na uma wa mbele umelala kidogo badala ya kusimama wima. Mambo haya mawili ndiyo yaifanyayo baiskeli kwenda moja kwa moja bila kutikisika ikiwa na mzigo, ingawa humfanya mwendeshaji kuhitaji nafasi kubwa ya kugeuka sokoni. Ziko zenye mitaimbo miwili ya juu badala ya mmoja, na hizo ndizo zitafutwazo na wachukuzi wa magunia, maana fremu yenye mtaimbo mmoja hujipinda kidogo kidogo chini ya uzito, na baiskeli huanza kwenda upande kama kaa.

Mtu atakaye kununua asitazame rangi. Aligeuze gurudumu la nyuma akalitazame. Kwa desturi ya kale ya Kiingereza gurudumu la nyuma lilikuwa na spoki 40 na la mbele 32, kwa sababu waliozibuni walijua ya kuwa uzito hukaa nyuma. Baiskeli yenye spoki chache na nyembamba nyuma huweza kuwa nzuri kwa karani aendaye ofisini, lakini ikitwikwa kilo 100 itaanza kukata spoki moja baada ya moja. Spoki moja ikikatika, wenzake huchukua kazi yake. Na ikikatika ya tatu ringi hupinda, na siku ya kazi imekwisha. Kwa hiyo fundi huzipiga spoki kwa kidole na kusikiliza. Zilizokazwa sawasawa hulia sauti moja. Ile iliyolegea hulia sauti nzito, naye huijua hata bila kuitazama.

Jambo la pili ni meno ya gia, na hapa wengi hudanganyika kwa kupenda mwendo. Tuseme gurudumu la meno la mbele lina meno 46 na lile la nyuma lina 18. Kila pedali zikizunguka mara moja, baiskeli ya inchi 28 huenda karibu mita 5 na sentimita 70. Akibadili lile la nyuma na kutia lenye meno 22, itakwenda karibu mita 4 na sentimita 70 tu. Kijana huona amepunjwa mita nzima. Lakini mita ile aliyoipoteza ndiyo inayomwezesha kupanda mwinuko bila kushuka, na ndiyo inayoyapumzisha magoti yake, kwani kazi ya kupanda kilima ni ile ile, ila imegawanywa katika mizunguko mingi zaidi. Mchukuzi wa miaka mingi hubadili meno ya nyuma kabla hajanunua kitu kingine cho chote.

Keria inayokuja na baiskeli toka dukani mara nyingi ni ya kufungia mkoba. Wachukuzi huiondoa na kwenda kwa mchomeleaji, ambaye hutengeneza nyingine kwa nondo, pana na fupi, yenye miguu miwili kila upande ishukayo mpaka kwenye mhimili wa gurudumu. Wengine huongeza vyuma viwili toka mhimili wa mbele mpaka kwenye usukani, ili uma usivunjike. Vyuma hivi vyote huongeza uzito, na mwenye baiskeli huubeba uzito huo hata siku asiyopata kazi. Lakini uma uvunjikao mteremkoni huweza kumwua mtu, na katika jambo hili wachukuzi hawafanyi ubahili.

Siku hizi imeingia baiskeli nyingine iitwayo Buffalo, ya shirika la World Bicycle Relief lililoanzishwa mwaka 2005, na baiskeli hizo huungwa Kisumu. Imejengwa tangu mwanzo kwa ajili ya njia mbaya: tairi zake ni nene, spoki zake ni nene, na keria yake imekadiriwa kuchukua kilo 100. Katika ile iliyojulikana kwanza, breki imefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na hushika mwendeshaji arudishapo pedali nyuma. Basi mvua na matope haviifikii. Ubaya wake ni kwamba cheni ikikatika breki nayo imekwenda. Hiyo hesabu ya kilo 100 ni ya kweli na ya busara, ila katika Busia haiheshimiwi sana. Mitungi sita ya lita 20 ni kilo 120 za maji matupu kabla mitungi yenyewe haijapimwa, na gunia moja la mahindi la kawaida ya Kenya ni kilo 90, na mchukuzi aliyeona gunia moja huuliza la pili liko wapi.

Kupakia ni elimu kubwa kuliko kununua. Mgeni hudhani nguvu za mikono ndizo zitakazo, lakini mtu mwenye nguvu asiyejua kupakia huangushwa na kilo 60, na mzee mwembamba ajuaye hupita na 150. Siri yake iko katika mahali uzito unapokaa. Mzigo ukisogea nyuma ya mhimili wa gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi, usukani hauna la kushika, na katika mwinuko baiskeli husimama kwa mguu mmoja kama farasi aliyestuka. Kwa hiyo gunia husogezwa mbele mpaka liguse kiti, na pengine kiti chenyewe huzama ndani yake. Mzigo ukiwa juu sana, kosa dogo la mkono huwa kosa kubwa; basi mitungi huning'inizwa kandokando ya keria, miwili miwili au mitatu mitatu, na juu haiwekwi ila ikiwa lazima. Nao hupakia kulia na kushoto kwa zamu, kamwe si upande mmoja wote kwanza, maana baiskeli iliyoegemezwa kwenye panda ya mti haina subira.

Kufunga ni kwa blada, yaani vipande virefu vilivyokatwa katika tyubu za kale. Kamba ya katani hulegea mzigo ukitikisika, bali blada huvutika na kurudi, ikizidi kukaza. Mchukuzi wa mayai hutumia blada kwa mkono mwororo kabisa, na huzitia upepo mdogo tairi zake, kinyume cha wenzake wa mahindi, ambao huzijaza mpaka ziwe ngumu kama mawe. Sababu ni rahisi: tairi gumu huenda kwa wepesi, na tairi laini humeza mashimo. Mwenye mayai hulipa kwa jasho ili asilipe kwa mayai. Desturi ya kazi ni kwamba ujira hulipwa kwa mzigo uliofika, si kwa mzigo uliotoka, na trei moja iliyovunjika huweza kula faida ya asubuhi nzima.

Njia ikiwa mbaya au mzigo ukiwa mkubwa mno, mchukuzi hapandi kabisa. Husukuma, mkono wa kushoto juu ya usukani na wa kulia juu ya kiti au juu ya gunia, na baiskeli huwa kama toroli la magurudumu mawili. Asiyeijua kazi hii huweza kumcheka mtu asukumaye baiskeli badala ya kuipanda. Lakini ni kwa njia hii hii majeshi ya Vietnam yalipeleka chakula na risasi milimani mpaka Dien Bien Phu mwaka 1954, baiskeli moja ikichukua zaidi ya kilo 200 na mtu akitembea kandoni mwake. Na huko Goma, mashariki ya Kongo, watu wameondoa pedali kabisa: wana chukudu, chombo cha mti chenye magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira, kisichokuwa na cheni wala kiti, kinachoshuka milima na mzigo wa viazi na makaa huku mwenyewe amepiga goti moja juu yake. Mji ule umekisimamishia chombo hicho sanamu ya rangi ya dhahabu. Busia bado haijasimamisha sanamu ya Black Mamba.

Bali katika yote haya hakuna linalotisha kama breki. Breki ya baiskeli hizi ni ya vyuma virefu vivutavyo vipande viwili vya mpira juu ya ringi ya chuma. Siku ya jua hushika vema. Siku ya mvua ringi huloa, mpira huteleza, na mtu huvuta breki asipate jibu. Kisha lazima ikumbukwe ya kuwa mwendo ukizidi mara mbili, nguvu zitakazo kuusimamisha mzigo huzidi mara nne. Basi mchukuzi aliyeiacha baiskeli ikimbie mteremkoni, akitumaini kuifunga breki huko chini, ameshachelewa. Wenye maarifa huanza kushika breki kileleni, kidogo kidogo, ili mpira uikaushe ringi kwanza, nao hushuka kwa mwendo wa mtu atembeaye. Barabara ya Busia ni ya upole, lakini ile ishukayo toka Maseno kwenda Kisumu huteremka zaidi ya mita 300, na malori hupita pale kwa kasi. Wengi wenye mzigo mzito hushuka hapo kwa miguu, wakiivuta baiskeli nyuma kama mtu amzuiaye ng'ombe mkaidi kwa kamba.

Mgeni afikaye kwenye mpaka wenyewe huona wachukuzi wa namna nyingine, na hao ndio waliofanya Busia kuwa tofauti na mipaka mingine mingi. Ni watu wenye ulemavu wa miguu, waendao kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono. Chombo kilichotengenezwa kimpeleke mtu mmoja sokoni au kanisani, wao wamekigeuza kuwa gari la mizigo. Chini ya kiti na nyuma yake hupangwa unga, sukari, mafuta au magunia, na kijana mmoja au wawili husukuma kwa nyuma huku mwenyewe akizungusha na kuongoza. Kwa miaka mingi maofisa wa forodha waliwaonea huruma, wakiwapitisha bila kuwachunguza sana, na wafanyi biashara wenye miguu mizima walipoijua huruma hiyo walikuja kuwakodi. Kuna walioona ni njia ya magendo. Lakini mtu mwenye haki na aulize pia ni kazi gani nyingine waliyopewa watu hawa. Wengi wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa mikono miwili ile ile izungushayo pedali.

Mpaka umebadilika. Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi mwaka 2005, na bidhaa zilizotoka katika nchi za Jumuiya, zikiwa hazizidi thamani ya dola 2,000, zikawekewa hati nyepesi ya kupita bila ushuru wa forodha. Mwaka 2018 kikafunguliwa rasmi kituo kimoja cha pamoja, ambamo msafiri humaliza shughuli za nchi zote mbili mahali pamoja. Malori yakapita upesi zaidi. Kwa wachukuzi wa magurudumu matatu mabadiliko hayo hayakuwa faida tupu, kwa maana ushuru unapopungua, huruma ya ofisa nayo hupungua thamani. Kisha mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Malori yakaruhusiwa kupita, wapita njia wakazuiwa, na watu walioishi kwa kuvuka mara kumi kwa siku wakakaa kimya upande mmoja wakitazama upande wa pili.

Adui mwingine wa baiskeli alikuja kwa kelele. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya mauzo juu ya pikipiki ndogo, na pikipiki za China na India zikajaa nchini. Muda si mrefu abiria wakaiacha baiskeli. Mto wa kukalia, uliokuwa fahari ya boda boda wa zamani, ukang'olewa katika keria nyingi na mahali pake pakafungwa blada. Watu walisema baiskeli imekufa. Haikufa, bali ilirudi kwenye mzigo, na hasa mzigo usio na haraka. Maji hayana haraka. Mkaa hauna haraka. Kijana mwenye pikipiki ya mkopo hutoka asubuhi akidaiwa fedha ya siku na fedha ya petroli kabla hajampata mteja wa kwanza. Mwenye baiskeli hutoka akidaiwa uji tu. Ikiwa siku ni mbaya, wa kwanza hurudi na deni, na wa pili hurudi na njaa, na watu wa Busia hawajakubaliana bado ni lipi lililo afadhali.

Gharama ya baiskeli hulipwa na mwili. Wachukuzi wa miaka mingi huwa na magoti yenye kulia na migongo isiyonyooka asubuhi, na hakuna fundi chini ya mti awezaye kuzikaza spoki hizo. Wengine, wakipata kidogo, hununua baiskeli ya pili na kumpa kijana wa jamaa aifanyie kazi kwa hesabu ya kila siku, nao hubaki sokoni kutafuta wateja. Wengine hupunguza mzigo na kuongeza safari, mitungi minne badala ya sita, na hao, kwa kuwa hawavunji kitu, mara nyingi humaliza mwezi na fedha zaidi kuliko wale mabingwa wa kilo 200 wanaopigiwa makofi.

Jua likiisha kuinama upande wa Uganda, kazi ya mafundi ndiyo huzidi. Baiskeli hupinduliwa, viti chini na magurudumu juu, safu nzima kando ya barabara. Cheni hufutwa mchanga na kutiwa mafuta, golori huoshwa kwa mafuta ya taa, na tyubu huzamishwa katika karai. Spoki huuzwa moja moja. Mchukuzi aliyekata mbili hununua tatu, na ile ya tatu huifunga kwa blada kwenye mtaimbo wa juu, tayari kwa safari ya alfajiri.